Shajara ya mradi: kumfuata pweza wa Tanga kutoka mwambani hadi kwenye kontena

Maji mafu (siku ambazo bahari haipwi wala kujaa sana), kabla ya mzunguko wa 1

Mradi una kazi moja. Pweza akifika kiwandani, tuweze kusema ametoka mwamba gani, siku gani, kwa mkono wa nani na kwa zana gani. Tumeanza na mialo mitatu, yaani sehemu za kushushia samaki: Kigombe, Sahare na Moa. Mafunzo ya kanda yanakwenda sambamba na kazi ya ufukweni. Washiriki ni maofisa uvuvi na viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa uvuvi ufukweni) wa mwambao wa Tanga, wenzao wa Bagamoyo na Pemba, na wa Kwale upande wa Kenya. Wamewekwa darasa moja kwa sababu samaki hajui mpaka. Pweza aliyechokolewa (aliyetolewa pangoni mwake mwambani) Moa asubuhi anaweza kuwa Vanga, upande wa Kenya, adhuhuri na kuandikwa kana kwamba ametoka mwamba wa huko.

Tumemchagua pweza badala ya jodari. Jodari wa bahari kuu ana meli, ana kitabu cha nahodha, ana kifaa cha satelaiti na ana IOTC, tume ya jodari ya Bahari ya Hindi, inayomhesabu. Pweza ana ndoo. Huvuliwa kidogo kidogo na mikono mingi, husafirishwa mbali, na sheria imemwekea kipimo kinachoweza kukaguliwa ufukweni bila maabara: asiwe chini ya gramu 500.

Soko ndilo linaloleta presha. Mazao ya bahari yanayoingia Umoja wa Ulaya yanatakiwa kuwa na hati ya uvuvi tangu 1 Januari 2010, kwa Kanuni namba 1005/2008. Vyombo vidogo vimewekewa hati nyepesi: chombo chenye urefu chini ya mita 12 kisichokokota zana, chini ya mita 8 kinachokokota, kisicho na banda juu ya sitaha, au kilicho chini ya tani 20 za ujazo. Ngalawa, mitumbwi na mashua za hapa zinaingia humo. Anayejaza hati nyepesi ni msafirishaji, naye huorodhesha vyombo vyote vilivyochangia shehena. Tangu 10 Januari 2026 waagizaji wa Ulaya wanatakiwa kupitisha hati hizo kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao CATCH.

Mfumo huo hautausafisha uongo. Ukiandikwa ufukweni, utapanda ndege pamoja na mzigo. Kwa hiyo fedha nyingi za mradi zinakwenda kwenye mita 100 za kwanza za mchanga, na simu janja tumezipa nafasi ndogo.

Bamvua (siku za maji kupwa na kujaa sana), mzunguko wa 1

Tumetembea na pweza bila kubadilisha chochote, tukiandika tu anapopita.

Mchokoaji anarudi kutoka mwambani na ndoo ya lita 20. Mchuuzi wa baiskeli anamngoja palepale maji yanapoanza kujaa. Pweza wanapimwa, fedha inatolewa, kisha wote wanamiminwa kwenye kiroba kimoja pamoja na wa wachokoaji wengine watano au sita. Kiroba kinakwenda kwa mkusanyaji mwenye deli la barafu. Anachanganya viroba vinne. Jioni gari la kiwanda linapita, na deli la Kigombe linapakiwa juu ya deli la mwalo mwingine.

Uzi unakatikia mdomoni mwa kiroba. Kabla yake kila pweza ana mwenyewe. Baada yake hata aliyechokoa hawezi kumtambua wake. Karatasi yoyote itakayojazwa mbele ya hapo ni makisio, hata ikiwa na muhuri.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Fomu inauliza chombo: jina, namba ya usajili, leseni. Wengi wa wachokoaji, na wengi wao ni kina mama, hawana chombo. Mmoja alipoulizwa chombo chake alionyesha miguu. Nafasi ikiachwa wazi, karatasi inarudishwa, kwa hiyo mkusanyaji anajaza namba ya ngalawa ya jamaa yake. Hapo pweza halali, aliyepatikana kwa njia halali, amepewa karatasi ya uongo. Na namba hiyohiyo, ikishazoeleka, inakuwa kapu la kuficha pweza wa kila namna.

Dalili yake inaonekana kirahisi: namba moja ya chombo imeshusha mzigo kwenye mialo miwili asubuhi moja, au imeshusha kilo ambazo ngalawa ya watu wawili haiwezi kubeba. Tumeiweka kuwa ukaguzi wa kwanza kwenye daftari.

Kwa daftari letu tumeongeza alama ya M, yaani miguu, ikifuatiwa na namba ya kitambulisho cha mchokoaji kilichotolewa na BMU. Je, hati rasmi itampokeaje? Uamuzi huo ni wa ofisa anayeithibitisha. Sisi tunachotaka ni kumpa ukweli wa kuamulia.

Maji mafu, mzunguko wa 1

Kazi ya karakana: vifuko na vibandiko.

Kila mchokoaji amepewa kifuko cha wavu kinachobeba kilo 10 na kufungwa kwa kamba. Pweza wake hatolewi humo hadi kiwandani. Kiroba kinaweza kubeba vifuko sita, deli likabeba viroba vinne, na bado kila kifuko kinajitegemea. Mchuuzi hajapoteza kitu, anapima kifuko badala ya kupima ndoo.

Kibandiko kimetusumbua. Karatasi yenye laminesheni iliharibika siku ya pili: tulitoboa tundu la kamba kwenye karatasi yenyewe, maji ya chumvi yakaingia hapo na wino ukavuja. Ukitaka kutumia laminesheni, kata karatasi iwe ndogo kuliko plastiki kwa sentimita 2 upande mmoja, kisha toboa kwenye plastiki tupu. Kalamu ya wino mzito haikufaa pia, maana ute wa pweza unaifuta ndani ya saa chache. Kilichodumu ni kipande cha dumu la mafuta ya kula, sentimita 4 kwa 7, kilichokwaruzwa kwa msasa upande mmoja na kuandikwa kwa penseli. Penseli haifutiki kwa maji wala ute, inafutika kwa msasa tu. Dumu la lita 20 likikatwa vizuri linatoa vibandiko zaidi ya 100. Tahadhari ni moja: usitumie dumu lililowahi kubeba petroli au dawa ya shambani.

Kibandiko kina vitu vinne: herufi tatu za mwalo, tarehe, mwamba na namba ya mchokoaji. Majina ya miamba yamewekwa kwa eneo, si kwa nukta ya GPS. Mtu aliyejua pango la pweza kwa miaka 20 hatakupa nukta, na ana haki. Ukimlazimisha atakupa nukta ya uongo, na hapo umepoteza vyote viwili.

Mafunzo ya kanda, siku ya 1 na ya 2

Asubuhi ya kwanza yote imekwenda kwenye majina. Chewa wa Tanga ni tewa kwa Mkenya. Tasi wa hapa ni tafi kwao. Kamba koche wetu wao wanamwita kamba mawe. Na neno changu peke yake limebeba spishi nyingi za Lethrinus, zenye ukubwa na bei tofauti. Tumekubaliana jina la kienyeji liandikwe kama lilivyotamkwa ufukweni, na safu ya pembeni iwe na jina la kisayansi. Jina la kienyeji lisifutwe. Ndilo litakalotumika kumhoji mvuvi mwezi ujao.

Saa ndiyo iliyofungua macho ya wengi.

Kwenye daftari za majaribio kulikuwa na pweza wengi wa miguu waliopatikana "04:00". Mchambuzi aliyekaa ofisini mbali na pwani angesema ni uvuvi wa usiku wa kificho. Kumbe karani aliandika saa 4 asubuhi, na mwenye kuingiza kwenye kompyuta akaweka 04:00 badala ya 10:00. Tofauti ni saa sita kamili. Ubaya wake ni kwamba katika mwambao huu, siku za bamvua, maji hupwa sana karibu na saa 4 asubuhi na hujaa sana karibu na saa 10 alfajiri. Yaani ukikosea kwa saa sita unamweka mchokoaji mwambani wakati maji yamejaa juu ya kichwa chake, zaidi ya mita 3 juu ya alipokuwa amesimama.

Siku nazo zina mtego wao. Kwa Waswahili wengi usiku wa Jumanne ni ule unaoamkia Jumanne. Kwa aliyezoea kalenda ya ofisini, ni usiku unaofuata mchana wa Jumanne. Wavuvi wa karabai (wanaovua usiku kwa taa) walipotaja siku, nusu ya darasa waliandika tarehe tofauti na nusu nyingine, na wote walikuwa sahihi kwa hesabu yao.

Dawa tuliyopitisha: saa iandikwe kwa Kiswahili, ikiwa na neno lake (alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku), na kompyuta ndiyo ibadilishe. Tarehe iwe ya wakati kibandiko kinapofungwa, si ya wakati wa kwenda pwani.

Makosa haya yametupatia zana ambayo hatukuitarajia. Jedwali la maji kupwa na kujaa halidanganyi. Kila kifuko chenye M kinaweza kupimwa nalo: je, saa hiyo mwamba ulikuwa wazi? Siku za maji mafu mwamba hauonekani vya kutosha kuchokoa kwa miguu. Kreti nzima ya pweza wa "miguu" katikati ya maji mafu ina maelezo mawili. Ama wamevuliwa na wazamiaji wenye miwani na mkuki, na karani kakosea herufi, ama kuna aliyezamia kwa mitungi ya gesi, jambo ambalo kanuni zetu zinakataza. La kwanza husahihishwa kwa kalamu. La pili linahitaji ofisa aende akaangalie.

Mafunzo ya kanda, siku ya 3

Samaki wa baruti. Tanga haihitaji kueleweshwa habari hii. Baruti imepigwa marufuku tangu 1970 na bado iliendelea kulia kwenye miamba hii kwa miongo, mpaka vyombo vya dola vilipounganisha nguvu kuanzia 2015. Kupungua kwa mlio si ruhusa ya kusahau namna ya kumkagua samaki.

Utaratibu uliofundishwa, kwa mkono, kila mshiriki na samaki wake:

Mshike kwa kichwa na mkia. Aliyepigwa hulegea katikati kama kitambaa, wakati macho na mashavu (matamvua) bado ni ya samaki mbichi. Mpasue tumbo kwa kisu kifupi bila kugusa uti. Tafuta damu iliyoganda ndani ya tumbo, chini ya uti wa mgongo. Angalia kifuko cha hewa: kilichopasuka kwa mshindo kina kingo zilizochanika. Angalia mbavu kama zimeachana na nyama, na uti kama umevunjika pingili.

Hapa ndipo watu hukosea. Samaki aliyekaa bila barafu naye hulainika, tumbo lake hupasuka na mbavu huachana na nyama. Tofauti ni damu. Iliyoganda chini ya uti wa samaki mwenye mashavu mekundu ni ushahidi. Mbavu zilizoachana kwenye samaki mwenye mashavu ya kahawia na harufu si ushahidi wa baruti. Ni ushahidi wa kukosa barafu. Kwa hiyo ukague mapema, piga picha ya mashavu na ya tumbo kwa pamoja, na usitegemee dalili moja. Kesi hufa mahakamani kwa haraka ya aliyekagua.

Pweza hana kifuko cha hewa wala mifupa, kwa hiyo ukaguzi huu haumhusu. Kwake tunategemea daftari.

Mafunzo ya kanda, siku ya 4

Hesabu ya mizani. Tumeipa siku nzima, na tungeipa mbili.

Kwanza mzani wenyewe. Chupa ya maji ya lita 1.5, ikijazwa maji yasiyo na chumvi, ina takriban kilo 1.5 ukiacha uzito mdogo wa plastiki. Itundike kwenye mzani kila asubuhi mbele ya wauzaji. Haichukui nafasi ya muhuri wa Wakala wa Vipimo, lakini inamwonyesha kila mtu kama springi imechoka. Mzani wa kutundika wa kilo 50 usitumike kupima pweza mmoja mmoja, maana mstari wake mmoja unaweza kummeza pweza mdogo wa gramu 400. Kwa kipimo cha gramu 500 tumia wa kilo 5.

Pili, hali ya pweza. Je, ni mzima au ametolewa matumbo? Safu hii ikikosekana, hesabu yote haina maana. Kreti yetu ya kujifunzia ilikuwa kilo 20.0 pweza wakiwa wazima, ikatoka kilo 17.4 baada ya kusafishwa. Imepungua asilimia 13. Kila kiwanda na kila mwalo upime wake, mara kadhaa, kwa pweza wadogo na wakubwa.

Kisha zoezi. Zimepokelewa kreti 12 za kilo 20, jumla kilo 240, wazima. Kwa asilimia 13 tunategemea kilo 208.8 safi. Daftari la kutoa linasema 231. Zimezidi kilo 22.2. Zimetoka wapi?

Darasa lilisema haraka: pweza wasioandikwa. Huenda. Lakini pweza akilowekwa kwenye maji yasiyo na chumvi hunyonya maji na kuongezeka uzito, na kuna wanaofanya hivyo makusudi ili kuuza maji kwa bei ya pweza. Kuloweka si uvuvi haramu, lakini hufunika uvuvi haramu, kwa sababu ziada inapozoeleka hakuna anayeuliza tena. Njia ya kutofautisha ni kuhesabu vichwa. Vichwa vikiongezeka kati ya kupokea na kutoa, kuna pweza walioingia kwa mlango wa nyuma. Vichwa vikiwa vilevile na kilo zimeongezeka, ni maji. Tangu siku hiyo kibandiko chetu kina kitu cha tano: idadi ya pweza kwenye kifuko.

Washiriki wa Kwale walileta hoja nzuri kuhusu ushuru. Mzigo mmoja unaweza kuwa na uzito wa aina tatu: wa kuuziana, wa kulipia ushuru na wa kiwandani. Wa katikati kwa kawaida ndio mdogo. Mvuvi akiamini daftari la ufuatiliaji litapelekwa kwa mtoza ushuru, ataandika uzito wa katikati kila mahali. Tumekubaliana BMU zitamke wazi, kwenye mkutano wa wanachama, nani ataona daftari na nani hataliona. Hilo lazima liwe kweli, la sivyo mradi umekufa.

Jambo jingine limerudiwa mara nyingi darasani: takwimu za eCAS (mfumo wa kielektroniki wa takwimu za mavuno ya uvuvi) zinachukuliwa kwa sampuli, kukadiria mavuno ya nchi. Zinafaa sana kwa kazi hiyo. Hazimfuati pweza mmoja. Karani asiambiwe kwamba akijaza hii hana haja ya kujaza ile.

Bamvua, mzunguko wa 2

Siku ya 5 ya mafunzo imefanyika mwambani Kigombe. Vifuko 38 vimefungwa, 35 vimefika kiwandani na vibandiko vyake. Vitatu vilikatika kamba, vyote kwa kuwa fundo lilifungwa na mikono yenye ute. Tumehamia fundo la kuzungusha mara mbili kabla ya kukaza. Barafu imewekwa kilo kwa kilo na pweza, na deli limetobolewa chini ili maji ya barafu iliyoyeyuka yasikae na kumlowesha.

Pweza 9 walikuwa chini ya gramu 500. Waliokuwa hai wamerudishwa, wengine wamekwenda nyumbani kwa mboga na kuandikwa hivyo. Tungeweza kuwanyang'anya wote mbele ya watu. Mzunguko ujao wasingeletwa kupimwa kabisa, na daftari lingeonyesha mwalo usio na pweza wadogo hata mmoja, nalo lingekuwa la uongo.

Maji mafu, mzunguko wa 2

Miamba iliyofungwa. Vijiji kadhaa vya mwambao wa Afrika Mashariki hufunga mwamba kwa miezi kama mitatu ili pweza wakue, mtindo uliovuma baada ya majaribio ya Andavadoaka, Madagascar, mwaka 2004. Inafaa kwa sababu pweza hukua haraka mno. Kwa ufuatiliaji kuna hatari mbili. Wakati wa kufungwa, pweza wa mwamba huo huandikwa jina la mwamba jirani. Ukiona mwamba jirani umeanza kutoa pweza wakubwa kuliko kawaida yake, uliza. Siku ya kufungua, watu hufika kutoka vijiji vingine na vifuko havitoshi. Karani mmoja hawezi kuandika foleni ile kabla maji hayajajaa. Makarani watatu, wenye vibandiko vilivyokwishaandikwa tarehe na mwamba, wakibakiza namba na idadi tu, wanaweza.

Yaliyobaki kabla ya mzunguko wa 3: vifuko 60 kwa ajili ya Moa, orodha moja ya vitambulisho itakayosomeka pande zote mbili za mpaka, ili mchokoaji wa Moa akiuza Vanga kibandiko chake kibaki, wavuvi wa dago (wanaohamia kambi za uvuvi kwa muda) kutoka Pemba waingizwe kwa namba zao za nyumbani, wasipewe mpya, na mzani wa Sahare, ambao chupa ya lita 1.5 imeusomesha kilo 1.3, upelekwe kurekebishwa kabla mwamba haujawa wazi tena.